Jibu: Udongo mweusi kwenye mtaro wa msingi wa chumba cha nyongeza

Habari ndugu. Umeeleza kwamba mtaro wa chumba cha nyongeza huko Igoma, Mwanza, umefika kina cha sentimita 80, umetoa udongo mweusi unaonata, pembe moja imegota kwenye jiwe, na fundi anataka kumwaga zege kesho. Mwambie asubiri.

Kwanza, tazama msingi wa nyumba ya zamani umekaa kwenye udongo gani na kwa kina gani, kwa kuwa nyongeza ikilala juu ya udongo tofauti itatitia peke yake na ufa utatokea pale kuta zinapokutana. Kisha chukua udongo wa chini kabisa ya mtaro, si ule uliorundikwa kando, uuloweshe kidogo na kuuviringisha kiganjani: ukitoa uzi mwembamba kama njiti ya kiberiti bila kukatika, huo ni mfinyanzi, unaovimba mvua zikija na kupasuka kiangazi. Mimi niliupuuza kule Nyakato, na leo ufa wa ukuta wangu unapitisha kidole.

Jiwe hilo lichimbuliwe pembeni ujue kama ni mwamba au ni jabali lililokaa tu juu ya udongo, maana Mwanza tunayo yote mawili. Ikibidi kuchimba chini zaidi ya msingi wa zamani, hapo mwite mhandisi.