Maswali ya Wasomaji: Ndege za vita mikononi mwa wanafunzi

SWALI: Ninafundisha historia wanafunzi wa miaka 10 hadi 12. Ningependa wajifunze kwa vitendo kuhusu ndege za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, lakini baadhi ya wazazi wanahofia kwamba vita vitageuzwa mchezo. Nifanyeje?

JIBU: Hofu ya wazazi hao ina msingi, Mwalimu, na kwa sababu hiyo ningeacha kabisa maigizo ya kurushiana risasi. Wape watoto kazi zilizofanywa na watu waliokuwa ardhini.

Kazi ya kwanza waliwahi kupewa wanafunzi wenyewe. Mwaka 1942 Jeshi la Wanamaji la Marekani liliomba shule zitengeneze modeli 500,000 za ndege kwa kipimo cha 1:72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, zipakwe rangi nyeusi, ili askari wajifunze kuitambua ndege kwa umbo lake tu. Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza ambayo mabawa yake yalikuwa na urefu wa mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha, itakuwa na sentimita 15.6, na Hurricane, ndege nyingine ya kivita ya Uingereza yenye mita 12.19, itakuwa na 16.9. Waache wapige hesabu hiyo wenyewe na kukata kadibodi, kisha mmoja ainue modeli akiwa mita 10 kutoka kwa wenzake, umbali ambao huifanya ionekane kama ndege halisi iliyo mita 720. Wenzake wataje ni ndege gani; wengi watakosea. Wakishakosea, waeleze kwamba tarehe 6 Septemba 1939, siku tatu tu baada ya Uingereza kuingia vitani, marubani wa Spitfire walitungua Hurricane mbili za jeshi lao wenyewe, na rubani Montague Hulton-Harrop akafariki. Sidhani kama kuna mtoto atakayeuona mchezo hapo.

Kazi ya pili ni meza ya ramani, kama ile iliyokuwa katika handaki la Uxbridge, karibu na London, mwaka 1940, ambapo wanawake wa jeshi la anga walisogeza alama kwa fimbo kufuatana na taarifa za rada na za watazamaji wa anga. Rangi ya alama ilifuata rangi ya saa ya ukutani, iliyobadilika kila dakika tano, hivyo taarifa iliyopitwa na wakati ilijulikana mara moja. Mwanafunzi mmoja asome taarifa, wengine wasogeze alama, na kila mmoja apate zamu ya kuamua kama ndege zipaishwe au zisubiri, huku akieleza sababu zake mbele ya darasa.