Mtoto hajacheua saa nane usiku? Mlaze, nawe ulale

SWALI: Shikamoo sista. Niko Igoma, nina mtoto wa wiki tano. Ananyonya vizuri na uzito unapanda. Shida ni usiku. Akimaliza kunyonya saa nane namweka begani, nampigapiga mgongoni hata dakika 40, hacheui. Nikimlaza anajikunja na kulia. Bibi yake anasema hewa imeshakuwa chango, na jirani ameniletea dawa ya mizizi kwenye chupa ya soda. Nimpe?

JIBU: Marahaba, mama. Usimpe. Nimelitanguliza hilo kwa sababu swali lako nalisikia karibu kila siku ya kliniki, na mara nyingi linanifikia chupa ikiwa imeshabaki nusu.

Dakika 40 za nini? Mtoto aliyeshika titi vizuri, mdomo umefunguka, kidevu kimegusa titi, anameza hewa kidogo sana. Usiku wananyonya taratibu, nusu usingizini, na wapo wasiocheua kabisa. Mweke begani, au mkalishe pajani ukimshikilia kidevu (kidevu, si koo), msugue mgongo dakika tano. Isipotoka, mlaze. Ukisikia mdomo unaalika akinyonya, rekebisha anavyoshika titi, maana hewa inaingilia pale. Kuipigia mgongoni baadaye ni kufukuza mbuzi aliyekwisha kula mahindi.

Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofanyika Chandigarh, India, kwa akina mama 71 na watoto wao. Waliocheulishwa hawakupungukiwa na kilio, tena walirudisha maziwa mara nyingi zaidi. Sikatazi kucheulisha. Nakataa kucheulisha kugeuzwe deni ambalo mama halali mpaka lilipwe.

Na katika hizo dakika 40 ninayemhofia ni wewe. Umeme umekatika, umeegemea kochi, mtoto kifuani, usingizi unakuchukua. Anateleza kwenye mto, pua inaziba. Wengine wakichoka wanamlaza kifudifudi "ili hewa itoke". Mlaze chali, usiku na mchana. Hapaliwi kirahisi hivyo: akiwa chali, njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula.

Sasa hilo chango. Kilio cha watoto wachanga huanza kupanda wiki ya pili au ya tatu, hufika kileleni karibu wiki ya sita, na kwa wengi hutulia kwenye miezi mitatu hadi minne. Anakunja miguu, anajamba, anakakamaa, kisha siku moja anaacha. Ndiyo maana kila muuza dawa ya chango ana ushuhuda! Dawa inaanzwa wiki ya sita, kilio kinapungua wiki ya tisa, sifa anabeba mwenye chupa.

Hiyo mizizi imelowekwa kwenye maji gani, ya bomba, ya kisima au ya ziwani? Kipimo chake ni kifuniko cha chupa, kwa mtoto ambaye ini na figo zake bado changa. Tumbo likijaa dawa ananyonya kidogo, maziwa yanapungua, halafu unaambiwa maziwa yako ni mepesi. Mpaka miezi sita ni titi tu, pamoja na dawa aliyoandikiwa na mtaalamu. Hata zile za gesi za dukani sizipendi. Zinanunuliwa kama juisi. Na chango "likigoma", anayeitwa ni mkata kimeo. Nimewahi kupokea mtoto aliyevuja damu usiku kucha kwa wembe wa namna hiyo. Ugonjwa wake ulikuwa nimonia. Kimeo chake hakikuwa na kosa lolote, ila kilishakatwa.

Yapo ya kukutoa kitandani kweli: matapishi ya kijani au yenye damu, maziwa yanayoruka kwa nguvu kila akinyonya, joto la nyuzi 38 au zaidi, kukataa titi, utosi kuvimba. Hapo usingoje kuche, nenda hospitali usiku huohuo.

Wiki ijayo anatimiza wiki sita, ana chanjo. Njoo na hiyo chupa, ikiwa imejaa kama ilivyoletwa. Na bibi aje pia, nitampa kiti.