Dini zote pa Kasapa: muanze na kalendari

Kila mwaka pa UNILU (iniversite ya Lubumbashi, kampisi yake njo Kasapa) kunatokeaka banafunzi benye banasema "tufanye dialogi ya dini", banaita padri, pasta na imamu, bote batatu banasema juu ya amani, banapiga foto, kiisha kimya. Mi nilikuwa mu komite yetu ya banafunzi ba dini zote, tangu mwaka wa pili (G2) mpaka mwaka wa mwisho (L2), na shauri yangu ni ya kijinga kidogo: muanze na kalendari.

Salongo (kazi ya pamoja ya kusafisha), bantu bote banaipendaka siku ya posho (Jumamosi). Lakini kuanzia jua ya siku ya tano kuzama mpaka posho ishe, Baadventisti habatumikake, kiisha bengine banasema "bale bako bavivu" na kikundi inakufa pale pale. Siku ya tano mu midi Baislamu bako ku msikiti, yenga bengine bako mu kanisa, basi inabakia siku ya tatu, kisha masomo. Na Ramadhani inarudiaka nyuma siku sawa 11 kila mwaka, kwa hiyo kalendari ya mwaka jana haina kazi, na Noeli ya Bakimbangisti (bantu ba kanisa ya Simon Kimbangu) iko 25 Mei, usipange kintu siku ile.

Chakula nayo! Baislamu, Baadventisti, Bakimbangisti, bote habakulake nguruwe, pa meza yetu Mukatoliki njo alikuwa mugeni, tulichekaka. Mupike bukari, sombe na samaki ya tomson, juu ukileta nyama Baislamu batauliza nani alichinja, na beko na haki.

Kwa mazungumuzo, musianze na "nani ataokolewa", benye bako na haraka ya kugeuza bengine (baba ba makanisa ya reveye munisamehe) banangoja paka ile. Sisi tulianza na histoire ya mji: Simon Kimbangu, nabii mwenye Babelgiji balifunga, alikufia hapa hapa, 12 Oktoba 1951, kisha miaka 30 ya kifungo, wakati Lubumbashi iliitwa Elisabethville. Batoto mingi ba Lubumbashi habakujua, na Bakimbangisti benye bananyamazaka njo baliongea sana ile siku.

Sala ya kufungua tuliitoa, juu tulibishana mbele hata ya kushika fagio, kila mutu asali kwa roho yake. Makuta ya mwanasiasa na tishoti zake, mukatae. Na kesi ya kotizasiyo (makuta yenye kila mutu anatoa) muipatie mutu wa kikundi kidogo, yetu ilikuwa kwa dada moja Mukimbangisti, aliandikaka mpaka franka ya sabuni.