Maswali ya Wasomaji: Masikio ya mtoto hayapo kwenye kadi

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu ana miezi 7, alizaliwa njiti akakaa wodini akachomwa sana sindano za gentamaisini. Tulivyoruhusiwa niliambiwa atapimwa masikio ila hatujaitwa, nikahama Gongo la Mboto kuja Mbagala, na hapa kliniki wanapima uzito na chanjo basi. Kwenye kadi hamna kitu. Mama mkwe anasema nisubiri, watoto wa kiume wanachelewaga kuongea. Nikipiga makofi anageuka.
Mama K, Mbagala

JIBU: Marahaba mama K. Usisubiri, nenda wiki hii hii. Njiti pamoja na hizo sindano, vyote viwili vinamuweka mtoto kwenye hatari ya kupoteza usikivu, na utaratibu unaotakiwa ni apimwe kabla ya mwezi 1, tatizo lijulikane kabla ya miezi 3, aanze kusaidiwa kabla ya miezi 6, kwahiyo muda umeshatuacha. Makofi hayo yasikupe moyo sana maana mtoto anaweza kugeuka kwa kuona mkono tu au kuhisi upepo, na hata asiyesikia anatoaga sauti miezi ya mwanzo halafu anapunguza taratibu.

Pale zahanati omba rufaa ya kliniki ya masikio, Muhimbili ipo. Kuna kile kipimo cha kidude kidogo sikioni, hakiumi kabisa, ila kwa njiti aliyelazwa omba na kile kinachofuata sauti mpaka kwenye ubongo, kwa sababu cha kwanza kinaweza kusema yuko sawa kumbe shida iko kwenye mshipa wa fahamu. Nenda na karatasi uliyopewa mliporuhusiwa wodini.

Sasa kadi, na hapa naomba na manesi mnisikilize. Iandikwe tarehe, kipimo gani, sikio la kulia limetoka vipi, la kushoto vipi, na siku ya kurudi. Usikubali kuambiwa tu kwa mdomo, kwa sababu watu wanahama kila siku mji huu na rejista inabaki kule kule, nesi mpya akikuta patupu hajui kama mtoto alipimwa akawa sawa au hajaguswa kabisa. Wanaopotea wengi ni hawa walioambiwa wataitwa. Akishindwa mara ya kwanza usilie mama, pengine ni nta au maji nyuma ya ngoma ya sikio, atarudiwa. Muhimu hiyo tarehe ya kurudia iwe imeandikwa, na namba yako ya simu iwe kwenye rejista yao.