Barua kwa Mwanangu: Paa la Mawe la Nyumba ya Babu Yako

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako kutoka Athens zimefika, na swali lako nimelisoma mara mbili: kwa nini baba yako anamalizia akiba yake kwenye paa la mawe la nyumba ya babu yako huku Kipoi, ilhali vigae vingekuwa rahisi, na wakati wa baridi kijijini wanabaki wazee wa kuhesabika?

Jibu la haraka ni sheria, kwani vijiji vya Zagori, eneo letu hili la milimani kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, vimehifadhiwa na mtu haezeki apendavyo. Lakini namjua baba yako. Angeezeka mawe hata pasingekuwa na sheria.

Mimi nilikulia Tanga chini ya bati, ambako mvua ikinyesha watu huacha kuzungumza, kwa hiyo nilishangaa mwaka wangu wa kwanza hapa nilipoamka nikakuta theluji imejaa uani nami sikusikia kitu. Juzi nilimtazama fundi akifanya kazi: anaanzia ukingoni, kila bamba la jiwe linalalia la chini yake, na uzito wa mawe yenyewe ndio unaoyashikilia. Boriti za chini ni nene kama mataruma ya jahazi. Bamba likipasuka, huchomolewa hilo peke yake.

Fedha zilizojenga nyumba hizi hazikutoka mlimani. Wanaume wa Zagori waliondoka wangali vijana, wakaenda kufanya biashara Istanbul, Misri na katika nchi ambayo leo ni Romania, huku wake zao wakilea, wakilima na kubeba kuni. Waliofanikiwa walijenga shule na madaraja. Lile la Kokkoris la mwaka 1750, ulilokuwa ukilivuka umenishika sketi, lililipiwa na mtu mmoja, Noutsos Kontodimos. Babu wa babu yako naye alituma fedha za paa hili kutoka ugenini, na mkewe ndiye aliyewasimamia mafundi. Mume mwenyewe hakuwahi kulala chini ya paa hilo.

UNESCO iliitangaza Zagori kuwa urithi wa dunia mwaka 2023, tukashangilia, ingawa cheti hakizibi mahali panapovuja.

Upande wa kaskazini bado haujaezekwa. Njoo kabla ya Agosti 15, klarineti za sikukuu ya Bikira Maria hazijaanza kulia uwanjani, kwa sababu magoti ya baba yako hayapandi tena ngazi, na fundi anahitaji mtu wa kumpokeza mawe.

Mama yako