Wani ya 7 ya PCB na MD ya Muhimbili: jibu langu kwa mleta uzi

Mkuu, nimesoma bandiko lako mara mbili. Kwa waliochelewa kuingia: mleta uzi ana mdogo wake wa kike aliyemaliza kidato cha sita, kombi ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), kapata Divisheni Wani ya pointi 7. Kemia B, Baiolojia B, Fizikia C. Wanataka udaktari, yaani MD, na wanataka chuo kikuu cha Muhimbili tu. Swali lake: "Kitabu cha TCU kinasema pointi 6, dogo ana 7, si kashapita? Nipeni asilimia."

Asilimia sina, na atakayekupa asilimia humu anakufurahisha tu. Ila kabla ya yote kuna kitu kwenye swali lako lazima tukinyooshe, maana kila Julai nakutana nacho.

Umechukua pointi za mizani mbili ukaziweka kwenye sahani moja. Ile 7 ni ya NECTA, Baraza la Mitihani. Huko A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, kwa hiyo zikipungua ndiyo ufaulu. Ile 6 ni ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na huko mambo yamegeuzwa: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hesabu yako, mtoto mwenye A tatu, ambaye NECTA wamemwandikia 3, angekuwa hajafika hata kwenye kigezo, na mwenye D tatu mwenye 12 angekuwa kinara wa taifa. Njia ya mkato ninayowafundisha vijana: kwa masomo matatu ya kombi, kama hakuna S wala F (zile gredi za chini ya E), chukua 18 utoe pointi za NECTA. Dogo wako ni 18 toa 7, anabaki na 11. Hizo 11 ndizo chuo kinazoziona. Mwenye A tatu ana 15. GS na BAM, yaani General Studies na ile hesabu ya ziada, ziweke pembeni, humu hazihesabiwi.

Kwa hiyo kigezo kavuka, tena kakiacha mbali. Lakini 6 ni D tatu, mkuu. D tatu zinakuruhusu kulipia fomu na kuijaza. Mambo ya kiti ni hesabu nyingine kabisa, na ndiyo iliyonila mimi.

Nilimaliza 2018, shule ya serikali ya kawaida, PCB hiyo hiyo. Matokeo yalitukuta JKT. Afande wa zamu ndiye aliyekuwa na simu yenye bando, tukapanga mstari tunamtajia namba ya mtihani mmoja mmoja, na yeye anasoma kwa sauti ya paredi kila mtu asikie. Mimi wani ya 8. Baiolojia B, Kemia C, Fizikia C. Niliporudi nyumbani mzee alikuwa ameshatangaza mtaa mzima, na mama muuza maandazi wa kona akaacha kuniita jina langu, nikawa "dokta". Nani angejaza famasi au uuguzi hapo? Nikaomba chuo kimoja, kozi moja. Chuo chenyewe sikitaji, hakijanikosea kitu. Majina ya dirisha la kwanza, yaani awamu ya kwanza ya maombi, yalipotoka nililishusha lile faili la PDF kwa kidole mpaka herufi za mwisho, nikalipandisha tena, nikajiambia labda wamekosea kupanga alfabeti. Sikuwemo.

Ujinga wangu ulikuwa huu: nilijipima na darasa letu. Shuleni kwetu nilikuwa wa tatu kwenye PCB, nikadhani nchi nzima ni kubwa kidogo tu kuliko shule yetu. Dirisha la pili nikaomba kwa adabu, nikaangukia Sayansi ya Maabara kule Bugando, Mwanza, nikapanda kile kilima miaka yangu yote mpaka nikamaliza. Leo niko maabara ya hospitali ya wilaya. Jioni za msimu wa maombi nakaa steshenari ya shemeji yangu nawajazia vijana fomu. Kwa hiyo ninachokwambia nimekiona kwangu, na nimekiona kwa watoto wa watu.

Sasa fanya hivi. Ingia kwenye tovuti ya NECTA, matokeo ya ACSEE, yaani kidato cha sita, ya mwaka wa dogo. Yamewekwa shule kwa shule. Kila mtahiniwa ana mstari wake: namba, jinsia, jumla ya pointi, divisheni, halafu masomo na gredi zake. Majina hayapo lakini hatuyahitaji. Anza na shule zinazofaulisha sana: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, nenda Kilakala na Msalato, kisha pitia Marian na Feza. Tafuta mistari yenye Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa pamoja, hao ndio PCB. Wa CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) warushe, hawana Fizikia, MD haiwahusu. Kila PCB mwenye 3, 4, 5 au 6 mpigie kijiti kwenye daftari. Huyo yuko mbele ya dogo. Wenye 7 wapigie kijiti upande wa pili, hao wamesimama naye bega kwa bega.

Zoezi hili nililifanya na kijana mmoja aliyekuja na wani ya 6, kifua mbele, anataka nimjazie Muhimbili MD na basi. Sikubishana naye. Nikatoa kaunta buku la shemeji, mimi nasoma kwenye skrini, yeye anapiga vijiti vitano vitano. Hatukumaliza shule ya pili, ukurasa ukajaa, akafunua mwingine. Katikati ya shule ya tatu akaweka kalamu chini. "Kaka, kwani hawa wote wanataka udaktari?"

Swali la maana sana hilo, na jibu ni hapana. Wapo wanaotaka famasi, wapo wa meno, wapo wanaopata ufadhili wa nje, wapo ambao mzazi anasema utasoma Moshi hapa karibu na nyumbani. Toa hata nusu yao. Kisha fungua kile kitabu cha mwongozo cha TCU, usiishie kwenye safu ya vigezo kama ulivyofanya, sogea kulia mpaka kwenye safu ya idadi ya nafasi za kozi. Kumbuka humo humo wanaingia pia matabibu wenye diploma ya Clinical Medicine, yaani si zote za kidato cha sita. Weka namba hiyo pembeni ya vijiti vyako na ujiulize mstari wa kukata, yaani pointi za mtu wa mwisho kuchukuliwa, utaangukia wapi. Hakuna atakayekuambia kabla, kwa sababu haujulikani mpaka watu wameomba. Ukifaulu mwaka ambao wengi wamefaulu, C ya Fizikia inakuwa nzito. Mwaka mwingine C hiyo hiyo inapita.

Na Muhimbili ina msongamano wa peke yake. Ndiyo mama wa shule za udaktari hapa kwetu, ilianza 1963, ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), 2007 ikasimama kama chuo kikuu kamili. Ni ya serikali, ada yake mzazi wa kawaida anaweza kuitazama bila kuhisi kizunguzungu. Mwenye A tatu wa Bukoba na mwenye A tatu wa Mtwara wote wanaiandika kwanza. Katika niliowajazia mimi kwa mkono wangu, waliochukuliwa MD pale walikuwa na A tatu, au A mbili na B. Ni wachache, usiwafanye sheria. Ila mwenye 11 bado sijamwona akipita dirisha la kwanza.

Je, asiombe? Aombe. Mimi si wale wa kuvunja watu moyo. Ila Muhimbili iwe maombi mojawapo, na alale usingizi kwa sababu ya mengine.

Hapa ndipo ujue madirisha yanavyofanya kazi, maana watu wengi wanayaona kama bahati nasibu. Tangu 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, ule mfumo wa zamani wa TCU kupokea maombi yote na kuyagawa ulishaondoka. Matokeo yake wale wa A tatu wanaomba vyuo vitatu vinne na wanachaguliwa kotekote. Mtu mmoja, viti vinne. TCU inawatangaza waliochaguliwa zaidi ya chuo kimoja na kuwataka wajithibitishe sehemu moja. Wakishafanya hivyo, vile viti vitatu vinarudi, na dirisha la pili linafunguliwa. Wengi wenye 10, 11, 12 wanapona hapo. Kwa hiyo dogo akikosa la kwanza msianze kulia na kumtafuta mchawi. Msikae pia mnasubiri chuo kile kile, tazameni ni vyuo gani vimetangaza nafasi zilizobaki na muombe siku hiyo hiyo.

MD za serikali ziko pia UDOM kule Dodoma, kile chuo cha Mbeya kilicho chini ya UDSM, na SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar. Upande mwingine, vyuo visivyo vya serikali, kuna Bugando, KCMC ya Moshi, Kairuki, St. Francis ya Ifakara. Hawa wa pili kaa na mzee wenu kwanza mzungumze fedha, kwa sababu ada ni mara kadhaa ya ile ya serikali na MD ni miaka 5 kabla ya intaneshipu, yaani mafunzo ya vitendo hospitalini. Mkopo unaombwa kivyake Bodi ya Mikopo, wana tarehe zao, hawasubiri majibu ya chuo. Vyeti vya kuzaliwa vinatakiwa viwe vimehakikiwa RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo. Kama hajafanya, kesho asubuhi aanze na hilo kabla hata ya Muhimbili. Nimeona mtoto kapata chuo akabaki nyumbani kwa ajili ya cheti.

Kuna aliyemshauri huko juu arudie mtihani ili aje na A. Nimecheka. Wani ya 7 hairudiwi, jamani. Na yule aliyesema aende diploma ya Clinical Medicine kwanza, halafu MD: njia ipo, inawafaa waliokosa sifa za moja kwa moja, lakini huyu sifa anazo, miaka mitatu ya nini?

Kitu kingine, mkuu, unisamehe. Kwenye bandiko lako umeandika "tunataka" mara nne, na "dogo anataka" sijaiona. Mimi niliitwa dokta na mama wa maandazi kabla sijajiuliza kama naweza kukesha wodini. Nilipofika maabara nikakuta napenda darubini kuliko watu wanaolalamika, samahani kwa wagonjwa wangu. Muulize dogo akiwa peke yake, bila mzee kuwepo: akikosa MD kabisa, kati ya famasi, uuguzi, maabara na meno angeishi na ipi? Jibu lake ndilo chaguo la pili kwenye fomu. Usilijaze wewe. Wengi wanajaza chaguo la pili kwa macho yamefumba wakiamini halitafika, halafu ndilo linalofika.

Mwisho ni jambo dogo lililomtoa machozi binti mmoja mbele yangu. Kwenye fomu aliandikiwa namba ya simu na barua pepe ya duka alikojazia, maana yeye hakuwa na simu. Akachaguliwa vyuo viwili. Namba ya siri ya kujithibitisha ikatumwa kwenye simu ya mwenye duka, na mwenye duka alikuwa kasafiri msibani. Aliporudi, tarehe ilikuwa imepita siku mbili. Kwa hiyo hata kama ni kitochi cha kuazima, namba iwe ya dogo mwenyewe, laini iliyosajiliwa kwa jina lake, na nywila aiandike kwenye karatasi aiweke pamoja na vyeti. Hiyo namba ya siri ikiingia asimsomee mtu, hata awe mtu wa steshenari anayeandika majibu marefu jukwaani kama mimi.