Utando wa Buibui Kwenye Ilimba

Mhariri,

Swali lenu la wiki linasema: "Ni chombo gani cha ajabu au mbwembwe gani ya jukwaani iliyokushangaza zaidi kutoka kwa bendi yoyote, na ungependa bendi zetu zijaribu nini?" Najua wengi watajibu kwa magita. Watamtaja Jimi Hendrix aliyelichoma moto gita lake jukwaani kule Monterey, Marekani, mwaka 1967, na Pete Townshend wa bendi ya The Who aliyekuwa akiyabamiza ya kwake mpaka yavunjike. Na hapa kwetu nani hajamwona mpiga solo akilipeleka gita kisogoni huku mashabiki wanapanda kumtunza na kumbandika noti kwenye paji la uso? Yote hayo nayapenda. Lakini mimi naishi Bagamoyo, na kitu kilichonishangaza kuliko vyote hakizidi ukubwa wa sarafu. Ni ganda la mayai ya buibui.

Marimba ya mkono ya Wagogo, ambayo wenyewe huiita ilimba, ni kisanduku cha mbao chenye vichuma vilivyopangwa juu yake, na mpigaji huvibonyeza kwa vidole gumba. Ilimba kubwa huwa na vichuma vingi mno, na si vyote vinavyopigwa. Vingine vimewekwa ili viitikie tu, vitetemeke vyenyewe pale mwenzao anapoguswa. Kwenye kisanduku kuna tundu, na tundu hilo hufunikwa kwa utando unaotokana na ganda la mayai ya buibui. Kichuma kikilia, hewa ya ndani inausukuma utando, utando unatetemeka, na kila sauti inatoka ikiwa na mvumo juu yake, kama nyuki aliyenaswa ndani ya chupa. Utando ukitoka, ilimba bado inalia, tena inalia safi. Lakini waulize wanaoijua: watakwambia hiyo bado haijawa ilimba.

Msomaji wa mbali atauliza chombo cha Dodoma kimefikaje pwani. Aliyekifikisha kwa kishindo ni marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyetoka kwao Dodoma miaka ya 1960, akaimba katika vikundi vya taifa enzi za Mwalimu Nyerere, kisha akaweka makazi yake hapa Bagamoyo, mji wenye Chuo cha Sanaa kilichoanza mwaka 1981 na ambacho leo tunakiita TaSUBa. Alifariki Desemba 2003, na ukoo wake bado unapiga. Mwaka 2002 alitoa albamu pamoja na Michael Brook wa Kanada. Huyo Brook ndiye aliyebuni gita lisilonyamaza, ambalo waya ukishaguswa unaendelea kulia mpaka uamue kuuzima, na The Edge, mpiga gita wa bendi ya U2, akalitumia katika miaka ya 1980. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na moja ya mitambo ya ajabu kuliko yote ya magita alikaa kufanya kazi na mtu mwenye kisanduku kilichozibwa kwa ganda la buibui, na ukisikiliza kazi yao husikii kwamba mmoja ndiye amemtangulia mwenzake.

Niliwahi kumtazama fundi mmoja wa hapa mjini akiweka utando mpya. Alikwenda nyuma ya mlango wa stoo, akapitisha macho ukutani, akachagua. Ni vile vigamba vyeupe vya duara ambavyo akina mama hufagia kila Jumamosi. Aliingiza ncha ya kisu pembeni na kukizungusha taratibu sana, maana ukichana kidogo tu ndiyo basi. Akapuliza vumbi na mabaki ya vitoto vilivyokwisha kuanguliwa. Akalowesha ukingo wa tundu kwa mate, akaulaza utando juu yake na kuubana kwa kidole gumba. Akapiga kichuma kimoja. Kimya, yaani sauti ilitoka lakini mvumo haukuwepo. Utando ulikuwa umekazwa mno. Akaupulizia pumzi ya moto mpaka ukalegea, akapiga tena, na mara hii ukavuma. Hakutabasamu wala kusema neno. Alihamia ilimba ya pili.

Sasa nieleze kwa nini nalisemea jambo hili kwa uchungu. Katika onyesho moja hapa pwani, nisingependa kulitaja, kijana wa mitambo alikuwa akipima maiki kabla watu hawajaingia. Alipofika kwa mzee wa ilimba akasimama, akapunguza hiki, akaongeza kile, kisha akamfuata jukwaani.

"Shikamoo mzee. Kuna kitu kinakwaruza humo ndani."

"Marahaba mwanangu. Ndivyo inavyotakiwa."

Kijana alidhani mzee hajamwelewa. Akarudi kwenye mikisa yake, ule mtambo wa kuchanganyia sauti, na kuzikata sauti zote za juu za ile maiki mpaka mkwaruzo ukaisha. Usiku ule tulisikia gita, besi, dramu na kinanda, na mahali fulani chini yao kitu kinachodunda kama hakipo. Watu walipiga makofi kwa adabu. Wengi wao, nina hakika, waliondoka wakiamini kwamba ilimba ni chombo kidogo kisicho na nguvu, cha kuonyeshea watalii.

Kinachoniuma ni kwamba mkwaruzo huohuo wengine wameutafuta kwa wembe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, studio moja ya Nashville, Marekani, ilikuwa ikirekodi wimbo, chaneli ya mikisa ikaharibika na gita la besi likatoka linanguruma. Waliokuwepo wakaona inafaa, wakaiacha. Mwaka 1962 tayari kulikuwa na kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachouzwa madukani kwa kazi hiyo, na mwaka 1965 The Rolling Stones wakakitumia katika wimbo uliozunguka dunia nzima. Katikati hapo, mwaka 1964, Dave Davies wa The Kinks huko London aliichana koni ya spika yake kwa wembe ili gita liwe na makucha. Tangu hapo dunia imenunua pedali za mkwaruzo kwa mamilioni, na wapiga solo wetu wanazo miguuni. Kijana wa mitambo hawezi hata kuota kumwambia mpiga solo kwamba gita lake linakwaruza.

Na Wagogo hawako peke yao. Balafoni, marimba za mbao za Afrika Magharibi, zina vibuyu vilivyotobolewa na kuzibwa kwa utando uleule wa buibui. Timbila za Wachopi, majirani zetu wa Msumbiji, zina tundu lenye utando chini ya kila ubao. Marimba kubwa za Mexico na Guatemala huvuma kwa utando wa utumbo wa nguruwe, na zina asili ya Afrika. Ukiwaweka wote hawa pamoja unaona kwamba masikio mengi ya dunia yanataka sauti iwe na kitu juu yake, na kwamba sauti tupu, iliyosafishwa, ni chaguo la baadhi tu.

Waliolielewa hili kuliko bendi zote ninazozijua ni Konono No. 1 wa Kinshasa. Mwanzilishi wao, Mingiedi Mawangu, alitaka likembe yake, yaani marimba ya mkono ya Kongo, isikike katikati ya makelele ya jiji. Hakuwa na vifaa vya dukani, akajitengenezea vya kunasia sauti kutokana na sumaku za vipuri vya magari, akapitisha kwenye amplifaya na vipaza sauti vya kutangazia. Sauti ikachafuka. Akaiacha ichafuke, kwa sababu likembe ilikuwa na mvumo wake tangu enzi za mababu na umeme uliukuza tu. Albamu yao ya 2004 ilipofika Ulaya, vijana wa huko waliodhani wao ndio mabingwa wa muziki wa mashine walibaki midomo wazi.

Vyombo vingine vya ajabu nitavipitia haraka, maana wasomaji wenzangu watavieleza vizuri zaidi. Kidumbaki cha Unguja, muziki ulio ndugu wa taarabu, kina besi ya sanduku: sanduku la chai lililopinduliwa, fimbo, na kamba moja inayokazwa na kulegezwa kwa kuivuta fimbo. The Quarrymen, kundi ambalo John Lennon alilianzisha Liverpool mwaka 1956 kabla ya The Beatles, nao besi yao ilikuwa sanduku la chai. Taarabu ya Mombasa ilikipokea chombo cha Kijapani chenye nyuzi na vitufe vya taipureta, na mtu akizisikiliza nyimbo za Zuhura Swaleh atakitambua mara moja kwa ule mlio wake mkali. Hapo jirani Tanga, akina Black Star na Lucky Star waliingiza gita la umeme na besi katika taarabu. Leo halimshangazi mtu, ila wakati ule lilikuwa jambo.

Mbwembwe za macho sizidharau hata kidogo. Ngoma ya beni ya babu zetu, yenye vyama vya Marini na Arinoti, ilikuwa na sare, vyeo vya kijeshi na matarumbeta, na watu walishindana mpaka mali zikaisha. Lakini gita likishaungua, wimbo umekwisha. Utando wa buibui unafanya kazi katika kila noti, na aliyekaa nyuma kabisa ya uwanja, asiyemwona hata mpigaji, anaupata.

Mmeuliza ningependa bendi zetu zijaribu nini. Ningependa bendi moja ya dansi, ya Tanga au ya hapa, imwalike mpiga ilimba, si kwa utangulizi wa dakika mbili bali kwa wimbo mzima. Maiki moja ibandikwe mgongoni mwa kisanduku kwa ajili ya mdundo, nyingine iwekwe karibu na tundu, na sauti za juu zisiguswe. Magita yasawazishwe kwa kuifuata ilimba, si ilimba kuyafuata magita. Ngazi ya sauti za muziki wa Wagogo hutokana na sauti za asili zilizomo ndani ya waya mmoja unaotetemeka, na kuna sauti moja humo, ile ya saba, ambayo iko chini kidogo ya ile ya kinanda. Mpiga solo anaweza kuifikia kwa kuvuta waya. Mpiga besi ataisikia mwenyewe. Mpiga kinanda, ambaye sauti zake hazivutiki, kwa wimbo huo mmoja ashuke aje acheze na sisi.